Maji Magumu Emali na Gharama Isiyoandikwa kwenye Bili

Emali, mji wa Kaunti ya Makueni ulio mpakani kabisa na Kaunti ya Kajiado, yapata kilomita 120 kutoka Nairobi kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa, ulizaliwa na njia na hadi leo unalishwa na njia: reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilipita hapo, barabara ya kwenda Loitokitok inachipuka hapo, na tangu mwaka 2017 reli ya kisasa nayo ina kituo chake hapo. Wafugaji wanaoleta ng'ombe na mbuzi sokoni, madereva wa malori, wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha wameufanya mji huo ukue haraka kuliko maji yake. Kwa kawaida suala la maji Emali huzungumzwa kwa kiasi na bei, yaani mitungi mingapi imepatikana leo na kwa shilingi ngapi, na kwa kuwa uhaba huo ni wa kweli na unauma, suala la pili, la maji hayo ni ya namna gani, husukumwa nyuma. Uchambuzi huu unalishughulikia suala hilo la pili, hasa ugumu wa maji, kwa hoja kwamba hasara yake kubwa haiko katika maradhi ambayo wengi huyahofia, bali iko katika matumizi ya kila siku ya nyumba: sabuni, mkaa, muda wa kupika na vifaa vinavyokufa kabla ya wakati wake, gharama ambayo mwenye chanzo cha maji hailipi wala haioni, na ambayo huwaangukia zaidi wale wenye kidogo.

Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka ndani yake. Wanakemia huupima ugumu huo kwa miligramu katika kila lita, wakiyahesabu madini yote kana kwamba ni kabonati ya kalsiamu, kemikali ile ile inayofanyiza chaki, mawe ya chokaa na marumaru. Katika mgawanyo unaotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, yenye 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, yenye 121 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi 180 ni magumu sana. Kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, ambacho Kenya inakifuata, kinaruhusu hadi miligramu 300 katika maji yaliyosafishwa na hadi 600 katika maji ya asili ambayo hayakusafishwa, jambo linalomaanisha kwamba maji yanaweza kuwa halali mbele ya sheria huku ugumu wake ukiwa zaidi ya mara tatu ya mpaka ambapo magumu sana huanzia.

Ukambani, nchi ya Wakamba ambayo Makueni ni sehemu yake, maji ya namna hii huitwa maji ya chumvi, na jina hilo hukusanya pamoja hali mbili zinazopasa kutenganishwa kwa sababu dawa zake si moja. Chumvi ya mezani, ambayo ni kloridi ya sodiamu, huyapa maji ladha inayotambulika ulimini lakini haina ugomvi mkubwa na sabuni. Kalsiamu na magnesiamu zinaweza kuwamo kwa wingi bila mnywaji kuhisi lolote, ila sabuni ikatiwa majini ukweli hudhihirika. Visima vingi vya maeneo makavu vina vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana mwenye kisima anayesema kwamba maji yake "si ya chumvi sana" huenda anasema kweli kuhusu ladha na bado maji hayo yakawa mzigo kwa anayefua.

Ugumu wenyewe nao una sura mbili. Ugumu wa muda hutokana na bikabonati za kalsiamu na magnesiamu, ambazo huvunjika maji yanapochemka, zikatoa hewa ya kabonidayoksaidi na kuacha kabonati isiyoyeyuka, ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika na sufuria. Ugumu wa kudumu hutokana na salfeti na kloridi za madini hayo hayo, na huo hauondoki kwa kuchemsha hata maji yakichemka kutwa nzima. Kinyume chake, kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo kinachobaki kinavyozidi kuwa kizito. Mwanafunzi wa kidato cha nne huisoma tofauti hii darasani na kuijibu katika mtihani, lakini ni nadra kuona elimu hiyo ikishuka kutoka kwenye daftari hadi kwenye mtungi ulio jikoni kwao, ilhali mtungi huo ni maabara tosha.

Sababu ya maji ya chini ya ardhi kuwa magumu katika sehemu hizi iko katika mawe na katika anga. Emali imekaa juu ya miamba ya kale ambayo wanajiolojia huiita Ukanda wa Msumbiji, miamba iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na ambayo katikati yake mna matabaka ya marumaru, yale yale ambayo upande wa Kajiado huchimbwa kwa ajili ya chokaa na saruji. Maji ya mvua yanapopenya udongoni hubeba kabonidayoksaidi inayotolewa na mizizi na viumbe wadogo, yakawa na uchachu hafifu, na uchachu huo huila kabonati ya mawe taratibu na kuipakia majini. Katika miamba hii migumu maji hayakai katika tabaka pana la mchanga bali katika nyufa, ambamo husafiri polepole na kukaa muda mrefu yakizidi kuyeyusha. Juu ya hayo, eneo ni kame, na jua huvukiza maji mengi kuliko mvua inayonyesha. Maji hupaa na chumvi hubaki udongoni, kisha mvua inayofuata huziteremsha chini. Visima viwili vinavyotenganishwa na mita mia chache vinaweza kutoa maji yasiyofanana hata kidogo, kwa kuwa kila kimoja kimekutana na ufa wake.

Upande wa kusini mambo hubadilika. Vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa iliyotapika lava hata katikati ya karne ya 19, hunyonya mvua na ukungu kama sifongo na kuitoa chini kwenye chemchemi za Makindu, Umani karibu na Kibwezi, na Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 hupeleka maji Mombasa kwa bomba. Mbali zaidi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro karibu na Loitokitok, iko chemchemi ya Nolturesh, na bomba lake ndilo lililoleta Emali maji ambayo wakazi huyaita matamu. Bomba hilo hupita katika mbuga na mashamba ya Kajiado, hugawa maji kwa miji mingi ya njiani na kuendelea hadi pande za Machakos na Athi River. Umri wake, kuvuja kwake, watu wanaojiunganishia bila idhini na kilimo cha umwagiliaji kilichopanuka kando yake vimefanya kinachofika mwishoni kuwa haba na cha kubahatisha.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la mji huu, kwa sababu mfereji mmoja unaweza kutoa maji ya nasaba mbili. Nolturesh ikifika, maji huwa afadhali. Isipofika, visima virefu vya watu binafsi, vya miradi ya jamii na vya taasisi hujaza pengo, ama kupitia mabomba ya mtaani, ama kwa bauza, ama kwa mikokoteni ya punda iliyopangwa mitungi ya lita 20. Mama wa nyumba hujua mabadiliko hayo kwa povu, mwenye hoteli huyajua kwa chai, lakini hakuna tangazo linalotolewa. Familia nyingi zimejipangia taratibu zao bila kufundishwa na mtu: maji ya kisima yafue, yaoshe vyombo na yamwagwe chooni, na matamu, yakipatikana, yawekwe kando kwa kunywa na kupikia. Utaratibu huo ni wa busara kuliko mipango mingi iliyoandikwa ofisini, na kasoro yake ni moja tu, kwamba unamtaka mtu awe na vyombo vya kuhifadhia na fedha za kununulia maji ya aina mbili.

Athari inayoonekana kwanza ni ya sabuni. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na katika maji laini chembe zake hushika uchafu upande mmoja na maji upande wa pili. Zinapokutana na kalsiamu, chembe hizo huacha kazi yao na kushikamana na madini, zikawa utando mzito wa kijivu usioyeyuka, unaoelea juu ya karai, unaoganda kwenye nguo na kuzifanya nyeupe zipauke kama zilizofukizwa moshi. Povu halianzi mpaka madini yote yamekwisha kushiba sabuni. Hesabu ya kikemia inaonyesha ukubwa wa hasara hiyo: katika maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, kiasi ambacho kiwango cha Afrika Mashariki kinakiruhusu hata kwa maji yaliyosafishwa, kila lita humeza karibu gramu 1.8 za sabuni halisi, na mtungi wa lita 20 humeza karibu gramu 37, kabla ya doa moja kuguswa. Kwa kuwa sabuni ya kipande ina unyevu na vijazio ndani yake, kipande kinachoyeyuka huwa kikubwa kuliko hapo. Anayefua kwa mitungi mitatu na kusuuza kwa mingine miwili amepoteza robo ya kilo na zaidi kama atang'ang'ana kupata povu katika kila mtungi.

Sabuni za unga zilizoenea tangu katikati ya karne ya 20 zilipunguza shida hii, maana kemikali zake za kusafishia haziungani na kalsiamu kwa urahisi na huchanganywa na viambato vya kuyashika madini. Hata hivyo zinagharimu zaidi, nazo huukausha mkono, na mama fua anayelipwa kwa wingi wa nguo wala si kwa saa huubeba ugumu wa maji kwenye ngozi na mgongo wake: kwa malipo yale yale, mwenzake aliye kwenye mji wa maji laini humaliza mapema na kwenda kutafuta kazi ya pili.

Athari ya jikoni ni kubwa zaidi ya hiyo, ijapokuwa haizungumzwi sana. Chakula cha Ukambani kimejengwa juu ya nafaka na jamii ya kunde: isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda la nje, mbaazi, kunde na pojo, mazao yanayovumilia ukame na yanayoistawisha Makueni. Vyakula hivi vyote huhitaji moto wa muda mrefu, na muda huo hutegemea maji. Kuta za chembe za maharagwe hushikiliwa pamoja na gundi ya asili iitwayo pektini, ambayo hulegea kwa moto ikiwa peke yake. Kalsiamu ya maji magumu huingia na kuzifunga nyuzi za pektini moja kwa nyingine, hata maharagwe yanabaki magumu ilhali maji yamekaukia mara mbili na kuongezwa mara mbili. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto huwa na tatizo hilo tayari kwa asili yake, na maji magumu hulikomaza. Mpishi hulaumu mbegu, au hulaumu duka, na mara nyingi lawama hiyo ni nusu ya ukweli.

Nusu iliyobaki hulipwa kwa kuni na mkaa. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji miti misituni, na Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha mkaa nje ya kaunti hiyo, na mjadala uliofuata ulihusu wachomaji, malori na walanguzi wa mijini. Ni wachache waliouliza ni mkaa kiasi gani unaoungua Ukambani kwenyewe kwa sababu tu maharagwe hayaivi. Mpango wa kuhifadhi miti usioyatazama maji ya kupikia umeacha mlango mmoja wazi, na si mlango mdogo, kwa kuwa chungu cha isyo huwekwa motoni katika nyumba nyingi mara kadhaa kwa wiki.

Dawa ya kienyeji inajulikana: magadi. Ziwa Magadi liko katika kaunti jirani ya Kajiado, na uchimbaji wake wa kibiashara ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, reli yake ikichepuka kutoka njia kuu pale Konza, vituo vichache kutoka Emali. Kipande kidogo cha magadi kwenye chungu hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwanza huitoa kalsiamu majini kwa kuigeuza kabonati isiyoyeyuka, na pili huyapa maji hali ya alkali, kinyume cha uchachu, ambayo huilegeza pektini. Lakini magadi ghafi hubeba floridi, madini ambayo yakizidi mwilini huyafanya meno ya watoto yawe na madoa ya kahawia na, kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Tena hali ya alkali huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagwe. Wataalamu waliochunguza meno ya watoto kaskazini mwa Tanzania waliyataja magadi ya kupikia kuwa miongoni mwa vyanzo vya floridi. Kwa hiyo magadi yanafaa zaidi kwenye karai kuliko kwenye chungu. Kwa kufulia, gramu kati ya 6 za magadi yaliyosafishwa na 14 za magadi ghafi zatosha kwa mtungi wa lita 20 wa maji yenye ugumu wa miligramu 300 uliotokana na kalsiamu, kiasi cha kijiko au viwili. Magadi yakorogwe, maji yaachwe yatulie hadi weupe ushuke chini, kisha ya juu yamiminwe kwenye karai ndipo sabuni itiwe. Bei ya kijiko hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na sabuni inayookolewa, na ujuzi huu unastahili kuwamo katika mafunzo yanayotolewa kwa vikundi vya akina mama.

Kwa chungu, njia salama ni kuloweka maharagwe usiku kucha katika maji laini, ya mvua au ya Nolturesh, na kuyamwaga maji hayo kabla ya kuinjika. Pasipo maji laini ya kutosha kupikia, hata haya ya kuloweka tu hupunguza muda wa moto, kwa kuwa maharagwe huyanywa maji mengi zaidi usiku ule kuliko yatakayoyanywa jikoni. Kuchemsha maji kwanza, kuyaacha yapoe na kumimina ya juu, husaidia pale tu ugumu ulio mwingi ni wa muda, na moto wenyewe ni gharama.

Vifaa vya umeme huumia kimya kimya. Kabonati ya kalsiamu ina tabia isiyo ya kawaida ya kupungua kuyeyuka maji yanapopata joto, ndiyo maana ukoko huganda hasa pale penye moto mkali, juu ya waya wa kuchemshia. Nyumba inayochemsha lita 10 kwa siku za maji yenye ugumu wa muda wa miligramu 200 inaweza kujikusanyia hadi gramu 730 za ukoko kwa mwaka, ukigawanywa kati ya birika, chupa na sufuria. Ukoko huo hupitisha joto vibaya kuliko chuma, hivyo waya hulazimika kupata moto zaidi ili maji yachemke, mpaka siku moja hukatika. Vichwa vya shawa za umeme za papo kwa papo, ambavyo vimeenea katika lojingi na nyumba za kupangisha nchini Kenya, huuzwa kwa aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi. Ya pili ina waya uliofunikwa, kwa kuwa maji yenye madini mengi hupitisha umeme kwa urahisi. Mwenye nyumba anayeweka aina ya kwanza ili apunguze gharama huku kisima chake ni cha chumvi anahatarisha uhai wa mpangaji, na hapa suala linavuka mipaka ya uchumi. Ukoko wa kawaida wa birika huondoka kwa siki au maji ya ndimu yaliyoachwa ndani kwa saa chache, bila kukwaruza.

Mabomba hayaathiriki kwa namna moja. Ya chuma cha kupakwa zinki huzibwa ndani na gamba linalokua mwaka baada ya mwaka, lakini gamba jembamba huyakinga dhidi ya kutu, na maji laini kupita kiasi huyala. Uwiano huu uliwekewa hesabu mwaka 1936 na Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California, na wahandisi wa maji huutumia hadi leo. Funzo lake kwa Emali ni kwamba lengo la haki haliwezi kuwa kuuondoa ugumu wote.

Kuhusu afya, hofu iliyoenea ni ya mawe kwenye figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa misingi ya afya, na katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu kalsiamu na magnesiamu katika maji ya kunywa liliyatazama madini hayo pia kama sehemu ya lishe. Katika joto la nyanda kavu, kinachochangia mawe ya figo kwa uhakika zaidi ni kunywa maji kidogo, na mtu anayeyaogopa maji ya kisima hata akanywa machache hujiletea kile anachokikimbia. Mgeni anayeharisha siku za mwanzo huenda amekutana na salfeti ya magnesiamu, ambayo hulegeza tumbo na ambayo mwili huizoea. Lakini huenda pia amekutana na vijidudu, na ukoko mweupe haumhakikishii mtu kwamba maji ni salama wala si salama.

Floridi ndiyo inayostahili hofu, nayo haionekani, haina ladha, wala haiendi sambamba na ugumu. Kalsiamu huishika floridi na kuiangusha kama jiwe, kwa hiyo mara nyingi maji ya chini ya ardhi yenye floridi nyingi ni yale yenye sodiamu nyingi na kalsiamu chache, maji yanayotoa povu vizuri na kupendwa na wafuaji. Kikomo cha floridi katika kiwango cha Afrika Mashariki ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayechagua kisima cha kunywesha watoto kwa kipimo cha povu peke yake anaweza kuchagua vibaya kuliko ambavyo angechagua kwa kufumba macho, na hakuna hoja nzito kuliko hii ya kudai vipimo vya maabara.

Vipimo hivyo, kimsingi, vipo. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, anayechimba kisima kirefu hupaswa kupata idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na taarifa ya kukamilisha kisima hujumuisha uchunguzi wa sampuli ya maji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya taarifa anazozihitaji ili anufaike na bidhaa. Lakini karatasi ya maabara hukaa kwenye faili la mwenye kisima, na mnunuzi wa mtungi, mpangaji anayelipa amana ya nyumba, na mpishi wa shule hununua wasichokijua. Kuandika nambari tatu kwenye ukuta wa kioski cha maji, yaani ugumu, jumla ya chumvi na floridi, kungegharimu kopo la rangi.

Mashine za kulainisha maji nyumbani, zinazobadilishana kalsiamu kwa sodiamu ya chumvi, zinauzwa Nairobi na zinawafaa wenye hoteli kubwa kwa majiko na mitambo yao. Kwa kunywa zina mushkeli: kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu, mzigo usiofaa kwa wenye shinikizo la damu, na maji machafu ya chumvi yanayomwagwa huishia kwenye ardhi ile ile inayochotwa. Mitambo ya kuchuja kwa utando mwembamba chini ya shinikizo, inayotumiwa na maduka ya kujaza maji ya kunywa, huondoa karibu kila kitu pamoja na floridi, ila hutupa sehemu kubwa ya maji yaliyoingia, jambo gumu kulitetea katika mji ambao mtungi hupangiwa foleni. Mskoti Thomas Clark, aliyepata hataza yake mwaka 1841, alionyesha kwamba chokaa yenyewe ikitiwa kwa kipimo huangusha ugumu wa muda. Njia hiyo bado hutumika katika mitambo mikubwa, lakini inahitaji mtaalamu, matangi ya kutulizia na mahali pa kuweka tope.

Njia inayoufaa mji kama Emali ni ya chini zaidi kwa gharama, nayo ni kuchanganya. Sehemu moja ya maji ya kisima yenye ugumu wa miligramu 600 ikichanganywa na sehemu mbili za maji yenye 80, matokeo ni miligramu 253 hivi, ndani ya kiwango cha maji yaliyosafishwa. Leo maji ya Nolturesh na ya visima hupokezana, siku za neema kwa walio karibu na bomba na siku za munyu kwa wengine. Yakikutanishwa katika tangi moja la juu kabla ya kugawanywa, mji mzima ungepata maji ya wastani yasiyobadilikabadilika, na lita chache za Kilimanjaro zingefika mbali zaidi. Jambo hili linahitaji makubaliano kati ya kaunti na wenye visima, pamoja na mhandisi wa Wakala wa Maji wa Tanathi, wenye makao Kitui na unaohudumia Makueni, Kajiado, Machakos na Kitui yenyewe. Kikwazo chake hakiko katika ufundi. Mwenye kisima hana sababu ya kuyapeleka maji yake kwenye tangi la umma wakati anaweza kuyauza langoni kwake bila kuulizwa maswali, na kaunti haina sababu ya kumshurutisha mpaka iwe imeihesabu hasara ya sabuni, mkaa na vifaa kama hasara ya umma.

Pale ambapo kuchanganya hakuwezekani, paa lipo. Ikichukuliwa kwamba mwaka mkavu kiasi huleta milimita 500 za mvua, paa la mabati la mita 50 za mraba lililofungwa mifereji linaweza kukinga karibu lita 20,000, baada ya kutoa zile zinazomwagika na zile za mwanzo zinazoachwa zioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Familia ya watu watano inayotenga lita 35 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 12,800 hivi kwa mwaka, na kiangazi kirefu cha kati ya Juni na Oktoba huhitaji akiba ya lita 5,000 na kidogo. Tangi la ukubwa huo ni ghali kwa mpangaji wa chumba kimoja, na paa si lake. Ni la mwenye nyumba, ambaye huleta ramani yake kaunti ili apate idhini ya kujenga, na ni kwenye meza hiyo ya idhini ambapo sharti la mfereji wa paa na tangi moja kwa kila safu ya vyumba lingeweza kuwekwa, kabla msingi haujachimbwa na kodi haijapangwa.